Chokaa ya Upande wa Pili

Watu walimwita Chokaa. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi za ofisi. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo kwa miaka thelathini na minne, kupaka nguzo za mpaka, na mikono yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka.

Nguzo zilikuwa thelathini na moja, za saruji, kimo cha bega la mtu. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa saa nzima au zaidi, na katikati hakuna kitu ila nyasi. Mti wa kuegemea hakuna. Mvua zikishakolea, nyasi humpita mtu mzima kichwa. Kiangazi hukauka, hushika moto, na moto ule huvuka mpaka mbio bila kumwonyesha mtu cheti. Ukishapita, nguzo zote zimekuwa nyeusi kama masufuria. Wachungaji wa pande zote mbili hawana ramani. Wana nguzo. Nguzo nyeusi haionekani, ng'ombe huvuka, na ng'ombe wakivuka huwa kesi. Ndiyo maana Chokaa alikuwa na kazi.

Waliouchora mpaka ule walikuja zamani, baba yake Chokaa hajaota ndevu. Walikuwa makundi mawili yenye minyororo ya kupimia. Moja lilianzia mtoni, jingine vilimani, wakaahidiana kukutana katikati. Walipofika katikati walipishana kwa hatua mia nne. Kila kundi likasema wenzetu ndio waliopinda. Wakabishana siku tatu, maji yakawaishia, wakaunganisha mistari yao kwa kipande cha mshazari kati ya nguzo ya kumi na nne na ya kumi na tano, wakaenda zao. Pale pakaitwa Kiwiko. Ndani ya kiwiko kile kuna bwawa dogo, na hakuna anayejua kwa hakika ni la nani. Ng'ombe wanalijua.

Nchi mbili zilikubaliana jambo moja kuhusu rangi. Kila nguzo ina mfereji mwembamba kichwani, unaoelekea nguzo inayofuata. Upande huu wa mfereji ni wetu, upande ule ni wao. Kila nchi ipake nusu yake, na asiguse mtu nusu ya mwenzake. Basi kila mwaka, moto ukishapita, watu wawili walikutana nguzo ya kwanza, kila mmoja na punda wake, debe lake na brashi yake ya katani, wakatembea pamoja siku tisa mpaka nguzo ya mwisho.

Yule wa upande wa pili aliitwa Twiga. Sababu ilionekana kwa mbali, kichwa chake kilitangulia kutokeza juu ya nyasi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, na alipaka kichwa cha nguzo bila kunyoosha mkono.

Chokaa hakumpenda. Alikula naye, alilala naye chini ya turubai moja, walipeana maji ya mwisho kwenye kibuyu. Lakini kumpenda, hapana. Ilikuwa hivi: mvua ikipiga miezi mitatu, nusu ya Chokaa ilibanduka magamba kama ngozi ya mgonjwa. Nusu ya Twiga ilibaki nyeupe pepe. Ukisimama kule kwao unaona safu ya nguzo zinang'aa. Ukisimama huku kwetu unaona visiki.

"Ndugu yangu, chokaa ya kwenu inakuwaje?" Twiga aliuliza mara moja tu, mwaka wa tisa au wa kumi. Alipoona sura ya mwenzake hakuuliza tena.

Bosi wa ofisi naye hakukosa neno. "Wenzetu wanapaka, sisi tunapakaza," alisema mbele ya makarani, na makarani wakacheka.

Chokaa alibadilisha brashi. Alipaka mara mbili, alipaka mara tatu. Chokaa yake aliiloweka nyumbani wiki mbili ndani ya pipa, akaibeba mbichi kwenye madebe, nzito mpaka punda akamlaumu kwa macho. Haikusaidia.

Sasa mkewe. Alikuwa mfupi, mwenye kucheka kwa pua, na mkono wake haukukaa bure. Mwaka wa saba wa kazi Chokaa alivunjika mguu, wiki moja kabla ya safari. Ofisi ilitaka kumpa mtu mwingine kazi ile. Mkewe akafunga kitambaa kichwani, akasema, "Punda ananijua. Nitakwenda mimi."

Akaenda. Siku tisa, yeye na Twiga, mbugani.

Chokaa alilala kitandani, mguu umefungwa vibanzi, akihesabu nguzo. Leo wako ya tatu. Leo wako ya kumi. Leo wamefika Kiwiko, watapiga turubai. Hapo hakuhesabu tena, aligeukia ukutani.

Mkewe alirudi amechomwa na jua, mikono imechubuka, na kicheko kimemjaa.

"Yule Twiga ana vituko," alisema. "Ananiita shemeji. Anasema ameoga mara moja tu mwaka huu, alipotumbukia bwawani."

"Umefurahi sana," alisema Chokaa.

"Nimechoka sana. Na chokaa yako, baba, kuna namna niliichanganya, ingefaa nikuonyeshe..."

"Chokaa nimeanza mimi, mama. Unifundishe leo?"

Mkewe akamtazama. Akaenda kuvua viatu.

Mwaka ule nguzo zote zilibaki nyeupe pande zote mbili, mvua nzima. Chokaa alisema mvua ilikuwa chache.

Tangu hapo, kila mwaka siku ya safari, mkewe alimtilia mzigoni mfuko wa kitambaa, umeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu, umejaa chumvi. Kilo mbili kamili. Mtu mmoja, siku tisa.

"Chumvi yote hii? Unataka nikauke kama samaki?"

"Utaona kazi yake," alisema mkewe. Mwaka wa pili alisema hivyo hivyo. Mwaka wa tatu hakusema kitu, alifunga tu.

Chokaa alichota ya kutia kwenye chakula. Iliyobaki, na ilibaki karibu yote, alimpa Twiga siku ile ile ya kwanza, mfuko na vyote, ili kumpunguzia punda. Twiga aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Mpe shemeji shukrani zangu." Kila mwaka maneno hayo hayo. Chokaa alizifikisha shukrani mara moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, huku akimwangalia mkewe usoni. Mkewe alicheka kwa pua. Kicheko kile kilimkwama Chokaa kooni kama mfupa.

Ukawapo mwaka wa askari. Wakubwa wa nchi mbili walikosana, mpaka ukafungwa, wanajeshi wakakaa Kiwiko wakilinda bwawa. Ofisi zikaamuru wapakaji wasikutane. Chokaa apake wiki ya kwanza, Twiga wiki ya pili. Chumvi yake akawapa wachungaji, wakawalambisha ng'ombe. Mvua zilipokwisha alipelekwa kukagua nguzo, akaona jambo ambalo hakulitegemea. Nusu ya Twiga ilikuwa imebanduka magamba, kama yake.

Alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Hata mzigo hakuutua.

"Hata yake imebanduka," alimwambia mkewe.

Mkewe aliuliza, "Na chumvi ulimpa nani?"

"Ng'ombe."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akashika mbavu, machozi yanamtoka. Chokaa alicheka naye. Hakujua wanacheka nini, lakini usiku ule alilala usingizi mzuri kuliko miaka yote ya ndoa yake. Mwaka uliofuata mpaka ulifunguliwa, na nusu ya Twiga ikarudi kung'aa. Na wivu ukarudi mahali pake.

Mkewe alikufa mwezi wa pili, mwaka wa thelathini na nne wa kazi. Aliugua siku kumi na moja tu.

Mwezi huo huo barua ilitoka ofisini. Nguzo za saruji zitang'olewa mwaka unaofuata, zitawekwa za chuma, ambazo hazihitaji mpakaji. Kwa hiyo safari hii ilikuwa ya mwisho. Binti yao, mwalimu, alikuja kumfungia baba yake mzigo. Alitia unga, majani ya chai, blanketi, dawa ya kifua. Alifunga kamba vizuri.

"Baba, ni lazima uende? Ofisi watakupa kiinua mgongo hata usipokwenda."

"Nina neno la kumuuliza mtu."

Binti hakuuliza neno gani. Alimjua baba yake, aliyeongea kama mtu anayelipia kila neno.

Neno lenyewe Chokaa alikuwa amelibeba miaka ishirini na saba. Siku tisa zile zilikuwaje? Alitaka kujua. Mke wa ndoa ya miaka thelathini na sita amezikwa, na mume hajui kama amezika wake peke yake. Na anayejua ni mtu mmoja tu duniani, naye mwaka ujao hatakuwa na sababu ya kuja nguzoni.

Kichwa cha Twiga kilitokeza penye nyasi zilizonusurika moto, nywele nyeupe sasa. Alikuwa ameshasikia, wachungaji hupeleka habari haraka kuliko barua. Alifika, akaacha kamba ya punda, akamshika Chokaa mabega.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Shemeji alikuwa mtu." Machozi yakamtoka pale pale.

Chokaa alisimama mkavu kama nguzo. Yeye mwenyewe mazikoni hakulia, alishindwa. Sasa huyu, wa nchi nyingine, analia kwa urahisi kama anayepiga chafya. Roho ikamuuma kuliko siku ya mazishi.

"Tuanze kazi," alisema.

Walikwangua masizi. Twiga alianza kuchanganya chokaa yake, kisha akasita, akajikuna shingo.

"Samahani kuuliza. Mwaka huu, ile chumvi?"

"Aliyekuwa akiifunga hayupo."

"Ni kweli. Nimekosa."

Twiga akatandaza kitambaa mdomoni mwa debe ili achuje chokaa. Chokaa alikuwa amekiona kitambaa kile miaka nenda miaka rudi na hakuwahi kukiangalia. Sasa alikiangalia. Kilikuwa cha viraka vingi, kimekakamaa kwa chokaa, na kati ya viraka vile kimoja kilikuwa na maua ya buluu. Gauni la maua ya buluu. Mkewe alilivaa mwaka aliozaliwa binti yao. Kiraka kingine cha mistari ya kijani, shela yake ya zamani. Kingine cha kahawia, ule mto wao wa kitandani.

Alipaka nusu yake na kuvuka mfereji kwa upana wa kidole, kosa ambalo hakulifanya hata mwaka wa kwanza. Twiga aliliona, akaendelea kupaka.

Siku nne walitembea hivyo. Twiga alijaribu mzaha wa kuoga, haukuchekwa. Chokaa alitembea nyuma yake, akitazama kitambaa kile kimetundikwa ubavuni mwa punda kikipepea. Alitunga maneno, akayafuta, akatunga mengine. Alifikiria kumwaga chokaa ya mwenzake. Alifikiria kugeuza punda arudi. Mbuga ni pana, lakini mtu mwenye wivu hana pa kukaa humo.

Wakafika Kiwiko. Wakapaka nguzo ya kumi na nne, wakapiga turubai karibu na bwawa jua likiwa bado juu. Twiga alikaa anachemsha chai. Chokaa alibaki amesimama.

"Kile kitambaa umekipata wapi?"

"Kipi, hiki cha kuchujia?" Twiga alikivuta. "Umenipa wewe."

"Mimi nikupe nguo za mke wangu?"

"Mifuko ya chumvi, ndugu yangu. Nimeifumua, nikaiunganisha. Kitambaa chake kizuri, hakipitishi mchanga. Tazama uzi."

Chokaa aliinama. Uzi ulikuwa mwekundu. Mshono aliujua, mkewe alikuwa akiruka moja kila baada ya tatu, kwa haraka. Miaka yote ile mfuko ulipita mikononi mwake na hakuutazama.

Lakini wivu una miguu mingi, ukikatwa mmoja unasimama kwa mingine.

"Na siku tisa zile? Mwaka wa mguu wangu?"

Twiga aliweka kopo la chai chini. Alielewa. Alimtazama Chokaa kwa muda, kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Kumbe hilo ndilo. Miaka yote."

"Nijibu."

"Alikusema wewe siku tisa. Ubaya siku saba, uzuri siku mbili. Kwamba u mbishi, kwamba hutoi neno mpaka ling'olewe kwa koleo. Kwamba ukilala unashika ncha ya gauni lake kama mtoto. Nilichoka kukusikia. Alilala pale, karibu na punda wake, na panga chini ya kichwa. Akaniambia, shemeji, mimi nina usingizi mbaya, ukinikaribia nitakukata bila kujua." Twiga alicheka kidogo. "Ndipo akanifundisha chokaa."

"Chokaa gani?"

"Ya chumvi. Unayeyusha chumvi kwa maji ya moto, unatia, haibanduki. Alisema alijifunza kwa mama yake, alipokuwa akipaka kuta. Tulipaka pande zote mbili namna hiyo. Huukumbuki mwaka ule?"

Chokaa aliukumbuka. Alikuwa amesema mvua ilikuwa chache.

"Halafu mwaka uliofuata ukanipa mfuko mzima," Twiga aliendelea. "Nikasema, ona watu hawa. Kwetu duka la karibu ni siku mbili kwa mguu, na ofisi yangu haitoi chumvi. Shemeji amenikumbuka, na mumewe ameibeba."

"Ile chumvi ilikuwa yangu."

"Nini?"

"Alinifungia mimi. Niitie kwenye chokaa yangu. Alitaka kunionyesha, nikamkata maneno."

Twiga aliyatazama madebe ya Chokaa. "Mimi nilidhani ya kwako unaitia nyumbani," alisema mwishowe. "Unakuja na madebe yameshalowekwa tayari. Nikiona inabanduka nasema labda chokaa ya kwao ina majivu. Sasa mtu mzima utamwambiaje kwamba chokaa yake mbaya? Niliuliza mara moja, ukanitolea jicho."

Chokaa akakaa chini. Miaka ishirini na saba alimwonea kijicho mtu huyu kwa weupe ambao yeye mwenyewe alimpelekea kwa punda wake. Mkewe alijua. Alifunga kilo mbili kila mwaka, alingoja aulizwe, hakuulizwa. Alicheka sakafuni, akijua. Kicheko kile kilikuwa chake Chokaa, hakikuwa cha mwingine. Na yeye alikuwa amekimeza kama mfupa.

Hapo ndipo alipolia. Twiga alimmiminia chai, akageuza uso kutazama ng'ombe waliokuwa bwawani.

Baadaye Twiga alipekua mzigo wake, akatoa mkebe. "Hii ni ya mwaka jana. Ilibaki. Inatosha nguzo moja. Tugawane, nusu kwa nusu, hapa Kiwiko."

Chokaa aliutazama mkebe. Mtu mwingine angesema sawa. Yeye alikuwa ameshajua kila kitu, hakuna ubaya wowote uliofanyika, na bado.

"Nipe yote," alisema.

"Yote?"

"Nusu yako imeifaidi miaka ishirini na saba."

Twiga alifikiri, akampa.

"Na kitambaa."

"Nitachujia nini mpaka nguzo ya thelathini na moja?"

"Chujia shati lako."

Twiga alicheka mpaka akakohoa, akavua shati pale pale. Asubuhi walipaka nguzo ya kumi na tano. Chokaa alichemsha maji, akayeyusha chumvi, akachuja kwa viraka vya mkewe, akapaka polepole, kuanzia chini kwenda juu, na hakugusa mfereji. Upande wa pili Twiga alipaka chokaa tupu, kifua wazi, akiimba.

Nguzo ya mwisho waliagana. Twiga alisimama, urefu wote ule, kama anayetaka kuomba kitu. Akaomba. "Kiraka kimoja tu. Cha kumbukumbu."

Chokaa alikunjua kitambaa. Alikitazama cha maua ya buluu, akakiruka. Alikitazama cha mistari ya kijani, akakiruka. Mwisho alifumua kimoja cha pembeni, cheupe, kisicho na ua wala mstari, ambacho hakukumbuka kilitoka nguo gani. Akampa.

"Asante, ndugu yangu."

"Haya."

Mvua zilinyesha, nyingi mwaka ule. Zilipokata, kabla wenye nguzo za chuma hawajafika, Chokaa alimfunga punda akaenda Kiwiko peke yake. Alisimama upande wa kwetu wa nguzo ya kumi na tano. Ilikuwa nyeupe kama siku aliyoipaka. Alitelezesha kiganja juu yake, hakikutoka na kitu. Kisha akazunguka upande wa kwao. Magamba. Saruji imetokeza, kijivu.

Alitazama upande huu, akatazama ule.

"Hata yake imebanduka," alisema kwa sauti.

Akangoja kidogo. Nyasi zilikuwa ndefu, zimemfunika, na hakuna aliyecheka. Akashika kamba ya punda, wakarudi.